Sadaka Mbili za Ukkubanda

Sehemu ya tisa

Bado amesimama getini! Yule mjane wetu Heen Menike, tuliyemwacha Ijumaa iliyopita na sinia la tambuu mikononi, tayari kuwapokea watawa, hajasogea hata unyayo. Na watawa wenyewe? Wamempita. Naam, msomaji, wamempita mchana kweupe, na ngoma zao, na mzee Pinhamy mbele yao akiwa amejitwika kile kijisanduku kitakatifu cha masalia ya Buddha, wakaendelea na barabara kana kwamba pale getini pamesimama mnazi.

"Mama," binti yake Sriyani alinong'ona nyuma yake, "wamepotea?"

"Pinhamy apotee? Amezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa!"

"Sasa wanakwenda wapi?"

Jibu lilikuwa mbele ya macho yao. Kwenye geti lililofuata, geti la nyumba kubwa ya ukoo, kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa kutoka barabarani hadi mlangoni. Na juu ya ngazi, ndani ya sari nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, alisimama wifi yake, Yasawathi, akitabasamu.

Leo marehemu mumewe, Ukkubanda, alikuwa anatimiza mwaka tangu afariki. Leo ndiyo ilikuwa sadaka yake ya mwaka, watawa wapate kula, thawabu zimfikie huko aliko. Mikono ya Heen Menike ilikuwa bado inanata utomvu wa fenesi bichi alilomenya kwa mchuzi. Moshi wa jikoni kwa wifi yake aliuona tangu alfajiri, akadhani mwenzake anachemsha mpunga.

Kumbe naye alikuwa anampikia Ukkubanda! Sadaka mbili, siku moja, marehemu mmoja.

"Haiwezekani," alisema. Akamsukumia Sriyani sinia, akakunja sari, akatoka mbio.

Mjane mwenye mvi akitimua mbio barabarani si jambo la kila siku pale Kehelpitiya. Kwenye kibanda cha chai vikombe viliganda hewani. Hata mwanamke mmoja mgeni, mwenye mwavuli na kikapu, aliyekuwa amesimama kando ya mgomba kama anayesubiri basi, aligeuza shingo.

"Simama, Pinhamy!"

Pinhamy alisimama. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine. Lakini hakugeuka, maana mwenye kijisanduku kile kichwani hageuki ovyo, wala hakitui njiani. Hakiwekwi popote ila juu ya meza iliyotandikwa nguo nyeupe. Alizungusha macho tu.

"Shemeji," alisema, "kama una neno, lifupishe. Hiki kitu kina uzito wake."

"Mnakwenda wapi?"

"Kwenye sadaka ya Ukkubanda."

"Sadaka ya Ukkubanda iko kwangu!"

Macho ya Pinhamy yalikwenda kushoto, yakarudi kulia. "Iko kwako? Mbona mimi nimeambiwa iko kwa dada yake?"

Yasawathi alikuwa ameshateremka ngazi. Mawifi hawa, kwa faida ya walioanza kusoma leo, walikuwa hawasemezani tangu sadaka ya miezi mitatu, pale Yasawathi alipoonja fenesi la Heen Menike mbele ya wageni wote, kisha akauliza kwa sauti kama chumvi imepanda bei. Tangu siku ile, mmoja akitaka kumsema mwenzake alikuwa akisema na kuku wake, kwa nguvu, kando ya ua. Kuku wa Kehelpitiya wamesikia mengi mwaka huu.

Leo hapakuwa na kuku karibu. Yasawathi akamgeukia Pinhamy.

"Pinhamy, mwambie huyo mwanamke asituzuie. Watawa wamealikwa kwangu."

"Mwambie mwenyewe. Mimi nimebeba."

Heen Menike hakungoja kuambiwa. Alimwendea mtawa mkuu moja kwa moja, akaunganisha viganja, akainama mpaka chini. Mtawa Piyaratana alikuwa mzee mwenye uso wa upole, aliyemjua Ukkubanda tangu akiwa mtoto wa kuchuma maua ya hekaluni.

"Mtukufu," alisema Heen Menike, "mimi nilikuja hekaluni siku ya mwezi mpevu. Nikapiga magoti, nikakualika. Nawe ukakubali!"

"Nilikubali?"

"Ulinyamaza!"

Watu wakatikisa vichwa kumuunga mkono, kwa sababu hapo hapana ubishi. Mtawa akialikwa hasemi "asante, nitakuja" kama mwalikwa wa harusi. Hunyamaza, na kule kunyamaza ndiko kukubali. Hata mtoto anayeanza kutambaa pale kijijini analijua hilo.

Mtawa mkuu alikuna kidevu.

"Ulinikuta wapi, mama?"

"Barazani, kwenye kile kiti chako cha uvivu. Ulikuwa umeshamaliza mlo."

"Na upepeo wangu?"

"Ulikuwa usoni, Mtukufu. Umejikinga nao kama unapohubiri."

Nyuma ya mtawa mkuu walisimama watawa wawili vijana. Ghafla wote wawili wakaanza kutazama vidole vya miguu yao. Mabega yakawa yanatikisika.

"Mama," alisema mtawa mkuu taratibu, "nyuma ya ule upepeo nilikuwa nimelala."

Lo! Mpiga ngoma mmoja aliegemea ngoma yake asianguke kwa kicheko. Kibanda cha chai chote kikalipuka. Pinhamy peke yake ndiye hakucheka, si kwamba hakutaka, alichelea kuangusha kijisanduku.

"Kwa hiyo wifi," Yasawathi alisema, akisahau kabisa kwamba hawasemezani, "wewe umealika usingizi! Basi nenda kaupakulie!"

"Nilimweleza kila kitu! Nilimtajia mpaka aina ya mchele!"

"Na mchele ulisemaje?"

"Nilikoroma?" mtawa mkuu aliuliza. Alitaka kujua kweli.

"Kidogo, Mtukufu," Heen Menike alijibu, uso umemwiva. "Nilidhani unatafakari."

Hapo mtu mwingine angeshika njia akarudi nyumbani akajifungia. Heen Menike hakuondoka. Aibu ilikuwepo, tena tele, lakini chini ya aibu palikuwa na jambo jingine ambalo hakupata kumwambia mtu, hata Sriyani. Kwa ajili ya jambo hilo angekaa katikati ya barabara ile mpaka jioni.

"Siondoki," alisema.

"Kaa," alisema Yasawathi. "Tutakuzunguka."

Paa! Paa! Honi ya bajaji ikalia kutoka upande wa mto. Vumbi likatimka, na bajaji ikafunga breki mbele ya miguu ya Pinhamy. Aliyekuwa ameshika usukani ni Wijepala, mume wa Sriyani. Nyuma yake walikaa watawa wawili wa hekalu la ng'ambo ya mto, wamebanana na miavuli yao.

Uso wa Heen Menike ukachanua.

"Nani kasema sina watawa? Hao hapo! Wangu hao! Wijepala, ingiza bajaji ndani!"

"Wako?" Yasawathi aliruka mbele ya bajaji, akatanua mikono. "Hao nimewaalika mimi! Mume wangu alikwenda kwa miguu yake mpaka ng'ambo!"

"Na mkwe wangu alikwenda kwa bajaji!"

"Kwani mwenye bajaji ndiye mwenye watawa?"

Mmoja wa watawa wa ng'ambo, kijana mwenye masikio makubwa, alichomoza kichwa.

"Samahani," alisema. "Sisi tulialikwa mara mbili kwenye sadaka ya Ukkubanda wa Kehelpitiya. Tukadhani familia inatukumbusha. Tukasema, hawa watu wana upendo sana."

Mume wa Yasawathi, aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo ya geti, alijificha zaidi.

Ni Pinhamy aliyeliona tatizo, pengine kwa kuwa kichwa chake ndicho kilichokuwa na haraka kuliko vyote.

"Sikilizeni. Sadaka kamili, ile ya kuipa jumuiya nzima ya watawa na si mtawa fulani na fulani, inataka watawa wasiopungua wanne. Ni uongo?"

"Si uongo," watu wakaitikia.

"Basi. Wa Yasawathi ni watatu. Wa Heen Menike ni wawili. Mkigawana, hakuna mwenye sadaka kamili. Ukkubanda ataambulia nusu huku na robo kule." Akameza mate. "Na jua halimsubiri mtu."

Wote wakatazama juu. Jua lilikuwa linakaribia utosi. Likishavuka tu, hakuna mtawa atakayetia hata punje ya wali kinywani mpaka kesho kupambazuke. Masufuria yote yale, ya nyumba zote mbili, yangekuwa ni chakula cha majirani tu, na sadaka ya mwaka ya Ukkubanda ingepita bila kutolewa. Mwaka wa kwanza hauji mara mbili.

"Mtukufu, chagua wewe," alisema Yasawathi.

"Mtawa hachagui mlango," alijibu mtawa mkuu. "Haombi chakula wala haulizi ni sufuria gani. Ila kusimama juani naruhusiwa." Akafungua mwavuli wake, akasimama.

Mawifi wakatazamana. Kila mmoja alimngoja mwenzake arudi nyuma, na kila mmoja alikuwa na kisigino kizito.

"Kaka yangu amezaliwa nyumba hii," Yasawathi alianza. "Tonge lake la kwanza kalila humu. Ndizi mbichi za tui, wifi! Bila hizo alikuwa hapati usingizi."

"Alizaliwa kwenu, akanenepa kwangu! Ulimleta kwangu mbavu nje. Fenesi langu ndilo lililomfanya akaitwa mtu."

"Wali wako ndio uliomletea sukari!"

"Sukari ipo kwenye ukoo wenu, usinisingizie! Mganga alimwambia ale karela, lile tango chungu. Nikampikia. Unajua alilifanyaje? Alilitupia kuku. Na kuku wakalikataa!"

"Hilo..." Yasawathi alitaka kujibu kwa ukali, midomo ikamsaliti, akatabasamu. "Hilo kweli. Karela kaka alikuwa haligusi. Utotoni akiliona tu sufuriani anakwenda kulala kwa jirani."

"Aliwahi kuniambia yuko tayari afe na sukari yake kuliko kumeza karela."

"Ndiye huyo huyo!"

Walicheka pamoja, kidogo sana, kisha wakakumbuka walipo. Heen Menike alijifuta macho kwa ncha ya sari, akaona kwamba machozi hayatokani na kicheko. Na lile jambo alilolificha mwaka mzima likamtoka lenyewe, pale barabarani, mbele ya bajaji na ngoma na kibanda cha chai.

"Wifi, aliondoka na njaa."

"Unasema nini?"

"Siku ile. Alipoanguka shambani. Nilimfungia wali asubuhi kwenye jani la mgomba, na fenesi juu yake, nikaufunga kwa kamba. Walipomleta nyumbani, wakaniletea na kifurushi. Kilikuwa kama nilivyokifunga, wifi. Fundo langu lile lile. Hakula hata tonge. Mwaka mzima kila nikila, chakula kinanikwama. Naona nimekula mimi, yeye hajala. Ndiyo maana nikapika fenesi leo. Sikutaka kukushinda. Nilitaka ale tu, basi."

Yule mwanamke wa kikapu kando ya mgomba alikuwa ameinamisha mwavuli wake, uso hauonekani.

"Twende kwako," alisema Heen Menike. "Kwako, kwangu, haidhuru. Watawa wapo watano, chakula kipo. Ale mwenyewe popote. Sriyani! Ita majirani, tubebe masufuria."

Yasawathi alikuwa analia waziwazi, na kwa kuwa alikuwa ni Yasawathi, alilia kwa hasira.

"Mbona hukuniambia? Hapana. Twende kwako."

"Nimeshasema, kwako."

"Wewe ndiye mjane! Kwako!"

"Kwako ndiko alikozaliwa, umesema mwenyewe!"

"Na wewe umesema alinenepa kwako!"

"Nilikuwa nasema tu! Kwako!"

"Siendi kwangu mimi! Kwako!"

Mtawa mkuu aliinamia sikio la mtawa kijana. "Mwanzo waligombania kushinda," alinong'ona. "Sasa wanagombania kushindwa. Bora tungekuja na mkeka."

"Shingo yangu!" Pinhamy alipiga ukelele. "Ukkubanda, ndugu yangu, nisamehe, lakini hawa wanawake wako wataniua!" Na bila kumuuliza mtu yeyote akaingia geti lililokuwa karibu naye. Lilikuwa geti la nyumba kubwa. Ngoma zikaitika. Watawa wakamfuata juu ya kitambaa cheupe, bajaji ikamwaga wale wa ng'ambo, nao wakafuata mbiombio, wameshika mavazi yao.

Ehe! Hapo ndipo ungeona vituko. Wanawake wa mtaa mzima wakitoka kwa Heen Menike wamejitwika masufuria, wakiingia kwa Yasawathi, na mvuke unafuka juu ya vichwa vyao. Wijepala aliwamwagia watawa maji miguuni, mume wa Yasawathi akawafuta kwa taulo. Wanaume hao wawili hawakuwahi kugombana hata siku moja. Muda wote wa ugomvi walikuwa wakinywa chai pamoja kwa kujificha.

Kila bakuli lilishikwa na mikono kadhaa kabla ya kumfikia mtawa, maana kila jamaa alitaka awe ametoa. Wali ukapita. Dengu zikapita. Kisha yakafika mabakuli mawili pamoja, fenesi mkono huu na ndizi mkono ule, na nyumba nzima ikasahau kupumua.

Angechota lipi kwanza?

Mtawa mkuu alichota fenesi kwa kijiko cha mkono wa kulia na ndizi kwa kijiko cha mkono wa kushoto, akavimwaga vyote kwa pamoja ndani ya bakuli lake, akavikoroga vikawa kitu kimoja. Akala. Uso wake haukusema lolote.

"Mtu mwenye hila," Yasawathi alinong'ona, ingawa kwa heshima. Akachovya kidole kwenye sufuria la wifi yake, akaonja.

"Vipi?" Heen Menike aliuliza.

"Leo chumvi ipo."

Kwa Yasawathi hiyo ni sifa kubwa, na Heen Menike aliipokea hivyo.

Zikaja zawadi. Nyumba mbili zilikuwa zimenunua bila kuulizana, kwa hiyo kila mtawa alipata mavazi mara mbili, taulo mara mbili, sabuni mara mbili na mwavuli mara mbili. Ndoo za plastiki zilipangwa mpaka mlangoni. Mtawa mkuu aliutazama mlima ule wa miavuli mbele yake. Ya mwaka jana alikuwa bado hajamaliza kuigawa.

"Mvua za mwaka huu," alisema, "zitatukuta tumejiandaa."

Jua likavuka utosi. Mabakuli yakaondolewa. Pakaletwa birika dogo la maji na kikombe juu ya sinia, na watu wa marehemu wakakaa mkekani kulizunguka. Heen Menike alishika mkono wa birika. Juu ya mkono wake ukaja mkono mwingine, wa moto, wenye harufu ya tui. Ulikuwa wa Yasawathi. Juu yake ukaja wa Sriyani, na wa Wijepala, na wasioweza kufika wakashika mabega ya walio mbele.

Watawa wakaanza kughani. Wakainamisha birika pamoja, maji yakashuka kikombeni taratibu kama uzi, yakajaa, yakafurika, yakatiririka sinia lote. Thawabu zilikuwa zinakwenda kwa mwenyewe.

Kula, mume wangu, alisema Heen Menike moyoni. Leo kula ushibe. Naye akalia bila kujificha, na wifi yake akambana mkono kwa nguvu mpaka pete ikamuumiza.

"Sadhu! Sadhu! Sadhu!" nyumba nzima ikaitikia baraka.

Sauti ya mwisho ilichelewa. Ilitoka mlangoni.

Watu wakageuka. Kizingitini alisimama yule mwanamke wa mgombani. Mwavuli ameukunja. Alikuwa amevaa nguo nyeupe za msiba, na kutoka kikapuni alikuwa ametoa chungu kidogo kilichofungwa kitambaa, amekishika kwa mikono miwili.

"Samahanini. Hapa ndipo kwenye sadaka ya Ukkubanda?"

"Ndipo, dada, karibu," alisema Yasawathi, mwenye nyumba tena. "Ila umechelewa. Watawa hawali tena leo."

"Najua. Nimesimama pale nje tangu asubuhi. Nilikosa ujasiri wa kuingia."

Alikiweka chungu mkekani, akafungua kitambaa. Harufu ikatangulia. Ilikuwa harufu ya karela, karela chungu kama shubiri, limekaangwa kwa nazi na vitunguu.

Yasawathi aliangua kicheko. "Masikini, dada yangu, umekosea marehemu! Kaka yangu alikuwa haligusi karela. Hata kuku wetu hawaligusi!"

"La watu wengine alikuwa haligusi," mwanamke alisema kwa upole. "Langu alikuwa anaomba aongezewe."

Kicheko kikafa. Birika lilikuwa bado mkononi mwa Heen Menike. Alilitua, likagonga sinia.

Mwanamke alipiga magoti mbele yake. Hakuwa kijana, wala hakuwa mzuri wa kumfanya mtu apotee njia. Alikuwa na uso uliochoka na macho mekundu.

"Mama, mimi nilikuja niweke sadaka yangu niende zangu. Lakini nimekusikia pale barabarani. Nimekusikia unasema mwaka mzima chakula kinakukwama. Nikaona siwezi kupanda basi nikakuacha na hilo." Akavuta pumzi. "Hakuondoka na njaa. Asubuhi ile alikula kwangu. Alikula akashiba, akanawa mikono, ndiyo akaenda shambani. Ndiyo maana hakufungua kifurushi chako."

Mzigo wa mwaka mzima ulimtoka Heen Menike mabegani. Alishiba. Ukkubanda wake alishiba! Na kabla hajapata kuvuta hata pumzi moja ya raha, mzigo mwingine ukatua palepale. Hakujua alie kwa upi kwanza.

Aligeuka polepole. Yupo mtu mmoja ndani ya nyumba ile aliyemjua Ukkubanda tangu utotoni, mtu ambaye kila mwenye siri pale kijijini alimwendea kuitua.

"Mtukufu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Wewe unamjua mwanamke huyu?"

Mtawa Piyaratana hakujibu.

Heen Menike akainama, akamtazama vizuri usoni. Upepeo ulikuwa umelala mapajani. Macho ya mtawa mkuu yalikuwa wazi kabisa, yanamtazama yeye.

Safari hii hakuwa amelala.